Sura ya Saba: Kisanduku cha Sauti Rusumo

Anayetaka kurekodi sauti ya mtu pale Rusumo hushindana kwanza na maji. Mto Kagera unaporomoka jirani na daraja, na mngurumo wake hauna mapumziko. Juu ya mngurumo huo kuna malori ya Dar es Salaam kwenda Kigali, yaliyokwisha kupita Kahama, Lusahunga na Benaco, yakifika mpakani yanashusha pumzi ya breki na kusubiri karatasi. Maikrofoni iliyomo ndani ya laptopu haichagui. Hunasa vyote, tena mara nyingi hutia chumvi: mzee akinyamaza kidogo ili akumbuke jina la babu yake, kompyuta hudhani sauti imefifia, huipandisha, na pale palipokuwa na kimya unasikia mto.

Dawa yake ni maikrofoni halisi iliyowekwa karibu na mdomo wa msemaji, na kisanduku kidogo cha USB kinachoipeleka sauti yake kwenye kompyuta bila kupitia vile viungo dhaifu vya ndani. Sura hii inahusu kisanduku hicho, na inahusu kukifanya kiseme kwenye mfumo endeshi huria, yaani Linux na jamaa zake.

Ngara, wilaya ilimo Rusumo, inaijua thamani ya sauti. Mwishoni mwa Aprili 1994 UNHCR ilikadiria kuwa watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban saa 24. Kambi zilizuka Benaco na kwingineko, na ndani yake walikuwamo watu waliopotezana na watoto, waume na wazazi njiani. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Mahali ambapo watu hawakuwa na simu wala anwani, sauti iliyorushwa hewani ndiyo iliyoweza kumfikia mtu asiyejulikana alipo.

Redio kama hiyo ina studio na mafundi mitambo wake, haihitaji kitabu changu. Ninaowaandikia ni wengine: mwalimu wa kwaya, kijana anayekusanya hadithi za wazee kwa Kihangaza au Kishubi, mwalimu wa sekondari anayeandaa masomo ya kusikiliza, mwenye kibanda anayerekodi matangazo ya maduka. Yule kijana wa hadithi ndiye asiyeweza kubahatisha kabisa. Kihangaza, kama ndugu zake Kirundi na Kinyarwanda, hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti na kwa urefu wa irabu. Rekodi ikiwa chafu, mtu atakayeisikiliza miaka thelathini baadaye hataweza kuamua mzee alisema neno gani, na mzee hatakuwapo wa kuulizwa.

Wengi wa watu hao wana laptopu iliyokwisha kutumika Ulaya ikaletwa huku, mashine ambayo Windows mpya inaikataa au inaitesa. Wakiiwekea Debian, Ubuntu au Linux Mint, inafufuka. Ndipo rafiki anapowatisha: Linux na sauti haviivi chungu kimoja.

Kauli hiyo haikutoka hewani. Zamani sauti kwenye Linux ilikuwa shida kweli. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianza mradi wa ALSA, ambao chimbuko lake lilikuwa kazi ya kuiwezesha kadi moja tu, Gravis Ultrasound. ALSA iliingizwa kwenye keneli (kiini cha Linux) ya majaribio mwaka 2002, na toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003 ikawa njia ya kawaida. Kisha ikaja PulseAudio, tabaka la juu la kugawa sauti kati ya programu nyingi. Ubuntu iliipokea katika toleo la 8.04 mwaka 2008 ikiwa bado mbichi, na malalamiko yakawa mengi. Leo kazi hiyo imechukuliwa na PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Ubuntu iliifanya ya kawaida tangu toleo la 22.10. Kilichobaki cha enzi zile ni jina baya, nalo huchelewa kufutika kuliko hitilafu yenyewe.

Kwa visanduku vya USB hali ni nzuri zaidi, na sababu yake haina muujiza. Mwaka 1998 waasisi wa USB walichapisha kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti. Kifaa kinachofuata kanuni hiyo hakihitaji draiva ya kampuni yake. Draiva moja inatosha kwa vyote. Kwenye Linux draiva hiyo huitwa snd-usb-audio. Takashi Iwai aliiandika mwaka 2002 kwa kuazima sehemu za kazi ya Alan Cox na Thomas Sailer, na juu ya faili lake aliweka maneno ya kuonya kwamba ni ya majaribio tu. Majaribio hayo ndiyo yanayoendesha mamilioni ya vifaa hadi leo. Kanuni ya pili, ya vifaa vyenye kasi zaidi, Linux ilianza kuielewa mwaka 2010. Windows ilipata draiva yake ya kanuni hiyo mwaka 2017. Muuza duka akikutafutia CD iliyokuja na kisanduku, mwambie aihifadhi.

Kwa mtu wa Rusumo hilo si jambo la ushabiki wa kompyuta. Draiva ya kupakua huhitaji bando, na pale mpakani simu hurukia mtandao wa upande wa pili bila kukuuliza. Draiva iliyokwisha kuwamo ndani ya keneli haihitaji hata megabaiti moja.

Namna kifaa kinavyopokewa inafanana na utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani pale pale Rusumo, kile ambacho Marais Magufuli na Kagame walikizindua Aprili 2016. Kisanduku kikichomekwa, jambo la kwanza ni kutoa hati zake: namba ya aliyekitengeneza, namba ya aina, kiasi cha umeme kinachohitaji, njia ngapi za kuingiza sauti na ngapi za kutoa, na kasi zipi kinazimudu. Hati zinakaguliwa mara moja, na zikiwa sawa, kifaa kinapita. Uzuri wa mfumo huria ni kwamba wewe nawe unaruhusiwa kuzisoma hati hizo.

Tuzisome. Mfano wangu ni Behringer UCA202, kisanduku kidogo cha bei nafuu chenye matundu mekundu na meupe ya RCA, ambacho hupokea sauti kutoka kwenye mixa. Ukikichomeka, ufungue dirisha la amri na kuandika lsusb, utaona mstari wenye 08bb:2902 na jina Texas Instruments PCM2902. Behringer haimo. Ukiandika cat /proc/asound/cards, utaona kadi iitwayo CODEC, na maelezo yake yanataja Burr-Brown, kampuni ya chipu ambayo Texas Instruments iliinunua. Wengi wakifika hapo hudhani kompyuta imechanganya mambo, wakaanza kutafuta draiva ya Behringer mtandaoni. Haipo, na haihitajiki. Kisanduku kimejitaja kwa ukoo wa chipu iliyomo tumboni, na mixa nyingi ndogo za USB za aina ya Xenyx hujitaja hivyo hivyo.

Ikiwa lsusb haionyeshi mstari wowote mpya, usiguse programu yoyote. Angalia waya. Nyaya nyingi zinazoning'inia kwenye vibanda ni za kuchaji tu: zina njia mbili za umeme, hazina zile mbili za data. Taa ya kifaa itawaka vizuri, kompyuta isijue kuna mgeni. UCA202 imeponea hapo kwa sababu waya wake umeshonwa moja kwa moja, lakini maikrofoni za USB na mixa zenye waya wa kuchomoa huangukia mtego huo kila siku. Waya ukiwa mzima, mshukiwa wa pili ni kile kigawio cha matundu manne kisicho na umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500. Ukigawa hizo kwa panya, flashi, modemu na kisanduku cha sauti, kuna atakayelala njaa.

Kifaa kikishaonekana kwenye orodha ya kadi, wengi hukimbilia kubofya kila kitufe. Mimi hutaka utulivu hapa, kwa sababu safari ya sauti ina vituo vinavyojulikana, na kila kimoja kinaweza kuulizwa peke yake: USB, keneli, ALSA, kisha PipeWire au PulseAudio, mwisho programu kama Audacity. Sauti ikipotea, imepotea kati ya vituo viwili. Jaribu kurekodi kwa chini kabisa, kwa amri ya arecord, ukiitaja kadi kwa jina lake: arecord -D hw:CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 jaribio.wav. Ukisikia sauti yako kwenye faili hilo, kila kitu kuanzia waya hadi ALSA ni kizima na tatizo liko juu. Hapo umeokoa nusu ya mchana.

Nasisitiza jina, si namba. Kadi iliyokuwa namba 1 jana yaweza kuwa namba 2 leo kwa sababu tu uliwasha mashine kadi ikiwa tayari imechomekwa, na mafunzo mengi yanayozunguka kwenye simu bado yanawafundisha watu kuandika namba.

Amri hiyo ikikataa, soma inachosema. Ujumbe huja kwa Kiingereza, na hilo ni pengo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, lakini mashine inapolia ndani kabisa bado hulia kwa lugha ya watu wengine. Hata hivyo vilio vyenyewe ni vichache. Kinachotaja idadi ya chaneli hutokea sana kwa zile kadi za sauti ndogo kama kidole gumba zenye chipu ya C-Media: upande wa maikrofoni zina chaneli moja tu, nawe umeomba mbili. Andika -c 1, au weka plughw mahali pa hw ili ALSA ikugeuzie yenyewe. Kinachosema kifaa kina shughuli maana yake ni kwamba PipeWire au PulseAudio imekishika. Fungua pavucontrol, nenda kwenye ukurasa wa mwisho, kizime pale kwa muda, kisha jaribu tena. Na rekodi ikija tupu bila kilio chochote, fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Chaneli yenye herufi MM chini yake imezibwa mdomo. Bonyeza M kuifungua. Chaneli ya kurekodi isiyo na neno CAPTURE huwashwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi.

Wapo pia wageni wenye hati za uongo. Tangu ibada za makanisani na harusi zianze kurushwa moja kwa moja mtandaoni, kumeenea kifaa cha bei rahisi sana cha kunasa picha ya HDMI kutoka kwenye kamera, chenye chipu ya MacroSilicon MS2109. Kwenye hati zake kinadai kutoa sauti ya chaneli moja kwa sampuli 96,000 kwa sekunde. Ukweli ni chaneli mbili kwa sampuli 48,000: hesabu ya jumla ni ile ile, maelezo ndiyo ya uongo, na kompyuta inayoamini hati huchanganya kushoto na kulia katika mstari mmoja. Mwaka 2020 Hector Martin aliongeza maelekezo ndani ya keneli yanayosema, kwa kifupi, kwamba kifaa chenye namba 534d:2109 kisiaminiwe, kitendewe hivi na hivi. Draiva ya snd-usb-audio ina mafaili mazima ya masahihisho ya namna hiyo, kifaa baada ya kifaa, mengi yakiletwa na watu waliokuwa na kifaa chenyewe mezani. Kampuni ikipuuza kosa lake, mwenye kifaa hazuiwi kulisahihisha, na akishalisahihisha, mwenye kifaa kama hicho Biharamulo hulipata katika sasisho la kawaida bila kujua kulikuwa na kosa.

Namba 48,000 na 44,100, yaani sampuli za sauti kwa sekunde, zinastahili kueleweka vizuri. Kisanduku kama UCA202 huzungumza na kompyuta kila milisekunde moja. Kwa 48,000 kila kifurushi hubeba sampuli 48 za kila chaneli, bila baki. Kwa 44,100 hesabu haigawanyiki: vifurushi tisa hubeba 44, cha kumi kinabeba 45, na mzunguko unaanza upya. Vyote viwili hufanya kazi. Mimi huchagua 48,000 kwa sababu video nyingi za simu na kamera hutumia kasi hiyo, hivyo huhitaji kubadilisha kasi unapounganisha sauti na picha. Kwa chaneli mbili za biti 16 ni baiti 192,000 kila sekunde, karibu megabaiti 691 kwa saa. Msimulizi mmoja hahitaji chaneli mbili. Rekodi moja, nusu ya nafasi inabaki.

Asiyejali namba hizo atazijali siku mwalimu wa kwaya atakapokuja. Namkumbuka mmoja aliyesikiliza wimbo wake kwenye laptopu ya kijana aliyewarekodi, akashika kidevu.

"Fundi, hawa ni sisi?"

"Ni ninyi, mwalimu."

"Doh yetu ilikuwa G. Hii haiko kwenye F kali, wala haiko kwenye F. Imekaa katikati. Na wimbo umekuwa mrefu."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kijana alikuwa amehifadhi sauti ghafi, faili lisilo na kichwa cha kueleza kasi yake, kisha akaifungua kwenye Audacity kama ya 44,100 ilhali ilirekodiwa kwa 48,000. Ukigawa namba hizo, sauti inashuka karibu nusu-toni moja na nusu, na wimbo wa dakika tano unakwenda dakika tano na sekunde ishirini na sita. Hakuna kilichopotea, faili lilifunguliwa upya kwa kasi yake, mwalimu akapata G yake. Hifadhi kwa WAV, ambayo huandika kasi ndani ya faili, usiingie kwenye kesi hiyo.

Mikwaruzo ya kutatarika ni kesi nyingine. Vifurushi vya sauti kwenye USB havirudiwi vikipotea, kilichochelewa kimekwenda. Kama kompyuta ilikuwa imeshikwa na kivinjari chenye kurasa kumi na tano, au inaandika kwenye flashi ya kubahatisha, arecord itakuonya kuhusu overrun na kwenye rekodi utasikia "tak". Funga vyote, andika kwenye diski ya ndani, ongeza bafa, ile akiba ya muda ya sauti. Bafa kubwa huchelewesha sauti, lakini ucheleweshaji haumuumizi mtu anayesimulia hadithi. Humuumiza anayepiga kinanda huku akijisikiliza kupitia kompyuta, na huyo ndiye mwenye sababu ya kupunguza bafa.

Kuvuma nako kusichanganywe na mikwaruzo. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na mtambo wa megawati 80 uliojengwa pale kwenye maporomoko kwa ajili ya nchi tatu haubadilishi hilo. Mixa ikiwa kwenye soketi moja na chaja ya laptopu kwenye nyingine, mara nyingi uvumaji huo huingia kwenye rekodi kupitia waya wa USB. Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Uvumaji ukikoma, umempata mhusika bila senti tano. Kuanzia hapo chaji kwanza, rekodi baadaye, au peleka vyote viwili kwenye soketi moja.

Halafu kuna saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inayonasa mnara wa ng'ambo hujirudisha nyuma yenyewe. Ukirekodi kwa laptopu huku ukiandika kumbukumbu kwa kutazama simu, daftari na mafaili yatapishana kwa saa nzima, na ukiwa na mahojiano matatu ya siku moja hutajua lipi ni la nani. Ifungie kompyuta saa ya kwetu kwa timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha iache amri ya date ikupangie majina ya mafaili kwa mwaka, mwezi, siku na saa. Kwenye daftari andika saa nne asubuhi kama unavyosema kila siku. Kwenye jina la faili iwe 1000, maana kompyuta hupanga kwa tarakimu, na ukiandika 0400 mahojiano ya asubuhi na ya usiku yatalala kwenye mstari mmoja.